Mkora Naye Ana Jina

Masomo: Mathayo 5:21–22, Luka 19:1–10, Filemoni 8–19

Kama uko jikoni unawatayarishia watoto chai, au umekwisha kufungua duka lako hapo Maringo, au umekaa ndani ya matatu kwenye foleni ya Jogoo Road, nakuomba unipe dakika chache tulitafakari Neno la Mungu pamoja.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu maneno. Nataka tuyaangalie yale maneno tunayotumia kuwaita watu wasumbufu, watoto watundu, vijana wakaidi, na wale waliotushinda kabisa. Kiswahili chetu kina mengi: mtukutu, mkorofi, mhuni, mkora, jambazi, chokora. Hapa Eastlands tumeongeza na ya Kiingereza. Mzazi akikasirika hasemi tena kwamba mwanawe ni mkaidi, husema ni "rebel". Gazeti nalo huandika "thugs". Mwenye nyumba aliyeibiwa nyaya za umeme hulalamika juu ya "vandals". Mpira ukimalizika vibaya huko City Stadium, husemwa kwamba "hooligans" wamerusha mawe. Na siku hizi, maandamano yakiingiliwa na watu wenye rungu na mijeledi, wote tunasema ni "goons".

Maneno haya tumeyapokea kama nguo za mtumba pale Gikomba. Tunayavaa, lakini hatujui ni nani aliyeyavaa kwanza. Basi tuyakunjue kidogo.

Neno "thug" halikuanzia kwa Waingereza. Walilitoa India, ambako kwa Kihindi lilikuwa na maana ya laghai au mdanganyifu. Neno "hooligan" lilienea katika magazeti ya London mwaka 1898, na wengi husema kwamba chanzo chake ni jina la ukoo wa Kiireland. Hebu fikiri, ndugu, jina la baba yako wa ukoo ligeuzwe kuwa tusi la dunia nzima! "Villain", ambalo leo ni mtu mwovu kabisa, hapo kale lilikuwa ni mkulima tu aliyefanya kazi katika shamba la tajiri. "Knave", yaani ayari, maana yake ya kwanza ilikuwa mvulana. Na "naughty", neno ambalo walimu wetu wa nasari huwaambia watoto kila siku, hapo mwanzo lilimhusu mtu asiye na kitu, maskini mwenye mikono mitupu.

Je, umeona jambo hapo? Mkulima, mvulana, maskini, mgeni mwenye jina lisilojulikana. Hao hawakuanza wakiwa waovu. Walikuwa wadogo na wanyonge, na wenye nguvu walipozoea kuwadharau, majina yao yakageuka kuwa matusi. Wala tusiwacheke Waingereza, maana sisi tulifanya vivyo hivyo. Watu wa miji ya pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na neno hilo limeingia hata katika Biblia yetu ya Kiswahili, katika Wakolosai 3:11. Lakini tazama linavyotumika pale. Mtume Paulo anasema kwamba ndani ya Kristo, huyo mnayemwita mshenzi amesimama pamoja na mwungwana, wala hakuna tofauti tena.

Bwana Yesu mwenyewe alilifundisha jambo hili akiwa mlimani. Katika Mathayo sura ya 5 anaanza na amri ya kutoua, na papo hapo anaendelea na neno la tusi, "Raka". Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba neno hilo la Kiaramu lina maana ya mtu mtupu, mtu asiye na kitu ndani yake. Ni sawasawa na lile la watoto wa nasari. Sasa jiulize: kwa nini Bwana aliweka tusi karibu na uuaji? Watu wengi husoma hapo na kudhani kwamba ametia chumvi. Sisi tulioishi Nairobi tunajua kwamba hakutia chumvi hata kidogo.

Turudi nyuma kidogo katika historia ya mitaa hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwaona vijana wengi wasio na kazi huku Pumwani na Shauri Moyo. Wazungu wakawaita "spivs", neno la Uingereza la wakati wa vita, lililohusu watu waliojipatia riziki kwa ujanja bila kazi ya halali. Hawakuuliza kwanza ni kwa nini kijana ametoka mashambani, wala kama mshahara wa mjini unatosha chakula na chumba. Jina lilipatikana, kisha sheria ya kuwaondoa mjini ikafuata.

Mnamo tarehe 24 Aprili 1954 ikaja ile iliyoitwa Operesheni Anvil. Askari wapatao 25,000 waliuzunguka mji, wakaingia mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba. Wanaume walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Mwenye gunia alitikisa kichwa tu, na maisha ya mtu yakaamuliwa. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa, wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Wafungwa waligawanywa kwa rangi: mweupe, wa kijivu, mweusi. Na wale waliokataa kabisa kuungama waliitwa "hard core", yaani sugu wasioweza kubadilika.

Mnamo tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, 11 kati ya hao walioitwa sugu walipigwa mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya wakubwa ilisema kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Ndugu msikilizaji, askari wale hawakuamka asubuhi wakasema, "Leo tutawaua baba za watu." Walikwenda kuwalazimisha sugu wafanye kazi. Ukishampa mtu jina la namna hiyo, mkono wako hauoni uzito tena. Ndiyo maana Bwana aliweka neno la Raka mlangoni mwa amri ya kutoua.

Lakini mwaka uo huo wa 1959 lilitokea jambo jingine, si mbali na Pumwani. Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe katika vibanda viwili vya mabati. Wavulana waliowapokea walikuwa wale ambao mji uliwaona kuwa ni takataka, yatima na watoto wa barabarani, ambao Hali ya Hatari ilikuwa imewavunjia nyumba zao. Waliwapa kitanda, kitabu, kazi na jina. Starehe ikawa mojawapo ya shule zinazoheshimiwa sana katika nchi yetu, na waliopita mikononi mwake wamekuwa madaktari, wahandisi na viongozi. Vivyo hivyo mwaka 1973, mji ulipojaa wavulana walioitwa "parking boys", kwa kuwa walilinda magari na kuomba senti, padre mmoja Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Chama cha Undugu. Tazama jina alilochagua. Watu walisema chokora, yeye akasema undugu.

Labda mtu ataniuliza: "Mchungaji, wewe unatetea wezi? Mimi nimenyang'anywa simu hapo Burma. Binti yangu anaogopa kushuka stegi saa mbili za usiku. Niwaiteje hao?"

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, wala sitaki kulipita. Biblia haitufundishi kuita uovu wema. Nabii Isaya anawaonya vikali watu wa namna hiyo katika sura ya 5. Wizi ni wizi. Kumchoma mtu kisu ni dhambi mbele za Mungu na kosa mbele ya sheria, na aliyeibiwa asinyamazishwe kwa maneno matamu ya kanisani. Hata Bwana Yesu alitumia maneno makali. Herode alimwita mbweha, na Mafarisayo aliwaita wazao wa nyoka. Lakini angalia ni nani aliowaambia hivyo. Walikuwa wakubwa waliowalemea wadogo, na aliwaonya kabla hukumu haijawafikia. Hutamkuta popote akimwita mtoto wa maskini jina la kumfungia mlango. Kwa kitendo alisema kweli, na kwa mtu alifungua njia.

Twende sasa Yeriko. Ninyi mnaokaa Ofafa Jericho mnalipenda jina hilo, na tena jirani zenu wako Jerusalem. Katika Luka 19 tunamkuta mtu aliyewaibia wenzake kwa kalamu ya kodi. Umati wa watu ulikuwa na jina lake tayari: mwenye dhambi. Nalo halikuwa la uongo. Mwaka 2024 sisi Wakenya tulimwita Rais wetu kwa jina la Zakayo kwa sababu ya kodi, na wakubwa nao waliposema juu ya vijana walioandamana, walitaja wahalifu na uhaini. Pande zote mbili tulitupiana majina, na katika siku hizo damu ya watoto wetu ilimwagika barabarani. Lakini jina Zakayo asili yake ni la Kiebrania, na maana yake ni safi, asiye na hatia. Bila shaka mamaye alimpa jina hilo kwa furaha siku alipozaliwa. Mji mzima ulikuwa umelisahau. Yesu alipofika chini ya ule mkuyu alitazama juu, akamwita kwa jina alilopewa nyumbani kwao.

Na baada ya kuitwa, nini kilifuata? Zakayo alishuka, akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na nusu ya mali yake kwa maskini. Nawaomba wale wanaoogopa kwamba huruma italea wezi, wasome habari hii tena. Umati ulimwita mwenye dhambi miaka mingi, wala haukurudishiwa hata senti moja. Siku alipoitwa kwa jina lake, mali ya watu ilirudi.

Mtume Paulo naye aliandika barua kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake, na yaonekana alikuwa amemtia hasara. Jina Onesimo maana yake ni mtu wa kufaa. Paulo anakubali waziwazi kwamba zamani huyu hakufaa kitu. Haifichi hasara ile, bali anamwambia Filemoni aiandike katika hesabu yake yeye Paulo. Kisha anamrudisha akiwa ndugu. Hivyo ndivyo Injili inavyofanya kazi: deni linatajwa, yuko anayekubali kulilipa, na mtu anarudishiwa jina lake.

Nikusimulie jambo moja la hapa kwetu. Katika parishi moja ya Eastlands, ambayo sitaitaja, kijana wa miaka 19 alipigwa risasi usiku. Watu wakasema, "Jambazi mmoja ameuawa." Jina lake halikutajwa. Mama yake akaja kanisani kuomba azikwe na Kanisa. Baraza likakaa, na mimi nikiwepo. Mmoja akasema, "Tukimzika jambazi, mtaa utatuonaje?" Mwingine akauliza kama alikuwa ameokoka. Mama yule alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakukana kwamba mwanawe alikuwa akiiba. Alisema tu, "Mimi sikuleta jambazi hapa kubatizwa. Angalieni kitabu chenu."

Daftari la ubatizo likaletwa. Likafunguliwa, na jina la kijana lilikuwamo, pamoja na tarehe, na majina ya wazazi wake wa ubatizo. Mmoja wao alikuwa amekaa pale pale mezani kama mjumbe wa baraza. Alikuwa ameahidi mbele za Mungu, miaka 19 iliyopita, kumwombea mtoto huyo na kumsaidia katika njia ya imani. Mzee yule aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Nitabeba jeneza mimi." Wala hapakuwa na mjadala tena. Kijana alizikwa kwa jina lake.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Jina lake lilikuwa katika kitabu chetu tangu utotoni. Lakini alipoacha kuja Shule ya Jumapili, ni nani aliyefungua kitabu? Alipoanza kukaa kwenye kona na wenzake, sisi tuliopita pale na Biblia zetu tulimwona mkora. Wenzake wa kona walimwita kwa jina la utani la sifa, wakampa mahali pa kukaa. Vijana hawapendi kuishi bila jina. Ukimnyima jina jema atalichukua lile baya na kulifanya taji. Ndiyo sababu utaona "thug" imeandikwa juu ya fulana na "rebel" juu ya matatu. Wanamuziki wa Ukoo Flani Mau Mau, wenye mizizi yao Dandora, walilichukua jina ambalo wakoloni walilipiga marufuku mwaka 1950, na ambalo marufuku yake haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Walisikia kwamba neno ambalo wakubwa walilifanya tusi lingeweza kuwa heshima. Je, sisi wa Kanisa tumewapa heshima gani iliyo bora zaidi?

Na tusisahau kwamba mwalimu mkuu mmoja wa Kanisa lote alikuwa mtoto mkorofi wa Kiafrika. Augustino wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, anaungama katika kitabu chake kwamba alipokuwa na miaka 16 yeye na wenzake walivamia usiku mti wa mipeasi wa jirani. Wala hawakuwa na njaa. Waliiba kwa raha ya kuiba, na matunda mengine wakawatupia nguruwe. Mama yake, Monika, alimlilia Mungu miaka mingi. Mtoto yule akawa askofu wa Hippo, akafa mwaka 430 wakati mji wake ulipokuwa umezingirwa na Wavandali, kabila ambalo jina lao limetuachia hilo neno "vandal". Sasa fikiri: kama usiku ule mtu angepiga kelele, "Mwizi! Mwizi!", na watu wakatoka na mawe na tairi la kuchomea kama tunavyofanya sisi, Kanisa lingalimpoteza Augustino chini ya mpeasi.

Basi, ndugu msikilizaji, tufanye nini? Naomba mambo matatu, na yote yanawezekana wiki hii.

Kwanza, mzazi na mwalimu, kitaje kitendo, usimbandike mtoto. Mwambie, "Umesema uongo, na uongo ni dhambi," kisha umpe adhabu inayofaa. Usimwambie, "Wewe ni mkora kama mjomba wako." La kwanza anaweza kulitubu. La pili atalifanyaje, naye ameambiwa kwamba ndivyo alivyo?

Pili, kelele ya "Mwizi!" ikilia mtaani kwenu, usiinue jiwe. Kama una ujasiri, simama katikati, umwulize jina lake kwa sauti, wengine wasikie. Kisha apelekwe mbele ya sheria akiwa hai. Nanyi mnaobeba bunduki kwa ajili ya serikali, mlio washiriki wetu, nanyi pia nawasihi katika Kristo: mtu aliyekwisha kuinua mikono ni wa hakimu, si wa risasi.

Tatu, kila kanisa lifungue daftari lake la ubatizo. Waangalieni watoto mliowabatiza miaka 15 au 20 iliyopita. Wako wapi leo? Wazazi wa ubatizo waende kwenye kona, kwenye kituo cha kuoshea magari, kwenye jaa la Dandora, na Industrial Area rumande, wakawatafute kwa majina.

Na wewe kijana unayenisikia kwa redio ya mtu mwingine, ambaye mtaa mzima umekuita jina ambalo hukubatizwa nalo, nina neno lako. Pengine uliyoyatenda ni mabaya kweli, nawe unajua. Lakini Mwokozi alihesabiwa pamoja na waasi, akatundikwa katikati ya wanyang'anyi wawili, na wa kwanza kuahidiwa Paradiso alikuwa mmoja wao. Yeye analijua jina lako. Shuka juu ya huo mti. Rudisha ulichochukua, hata kama ni kidogo kidogo. Njoo kwa mchungaji aliye karibu nawe, na akikuuliza wewe ni nani, mwambie jina lako.

Tuombe.

Ee Baba Mwenyezi, uliyetuita kila mmoja kwa jina lake kabla hatujatenda jema wala baya, utusamehe maneno tuliyowatupia watoto wa watu. Uwalinde vijana wa mitaa yetu usiku wa leo, kutoka Kaloleni mpaka Kariobangi, na kutoka Mathare mpaka Umoja. Uwafariji walioibiwa na waliojeruhiwa, na wanawake wanaowalilia wana wao. Uwape walinda usalama moyo wa haki. Utufundishe kusema kweli pasipo dharau, na kusamehe pasipo kuficha dhambi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.